Zizi la Jua

Saa sita kasorobo, Grogan nzima ikasimama,
shingo juu: jua limejengewa zizi.
Moraa wa githeri akaacha mwiko sufuriani.
"Kwetu hapo kuna mkubwa anakufa."
Kipng'eno akasema mvua. Yule wa betri
akapiga picha; simu ikaona weupe tu.

Mimi nakata vioo. Najua mwanga
ukipita ukingoni hupinda, hauombi ruhusa.
Kule, juu kuliko ndege za Wilson,
kuna barafu, chembe za pembe sita,
Nairobi hii hii, lami ikinata viatuni.
Nyosha mkono, tanua shubiri:
gumba lifunike jua, kidole cha mwisho
kitagusa duara. Hata kwa mtoto;
mkono mfupi, shubiri fupi.

Lakini duara lako si langu.
Chembe zinazonipindia mimi mwanga
si hizo zinazokupindia wewe.
Tulikuwa watu thelathini, mazizi thelathini.

Mvua haikuja. Mkubwa hakufa,
ila paka wa gereji.
Usiku nikampelekea Moraa deni lake, shilingi arobaini.
Alizipokea bila kuzihesabu, macho juu:
mwezi nao umo bomani.
"Ngoja," akasema.