Kidakatonge

Saa mbili usiku, chuoni, nje ya Nizwa.
Darasa la cheti cha usalama wa mtandao.
Kiyoyozi kinatutafuna vifundo vya miguu.
Sote tumetoka kazini: mimi benki,
Ghalib kituo cha umeme, Raiya forodhani,
bado ana wino wa muhuri kidoleni.

Mwalimu Yakdhan akasema: andikeni neno la siri
mnaloliamini. Kisha akawasha programu.
La Ghalib, jina la mwanawe, halikuwahi kupumua.
La Raiya lilikufa akifungua chupa ya maji.
Langu likasimama.
Dakika tano. Kumi. Wakageuka kunitazama.

kidakatonge64.
Lugha ya jikoni kwetu, ya kusemea
majirani wasijue sukari imekwisha;
na mwaka ambao bibi huuruka akihesabu.
Nikajiona nimetia komeo.

Mwalimu akacheka kidogo, akapakia kamusi nyingine.
Nikauona mstari kwenye skrini: Kiswahili,
maneno laki moja na ushei.
Sekunde tatu.

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilibaki na orodha,
naishusha kwa kidole: kibirizi, kichaa, kichane, kidaka…
Miaka yote ya shule nchini humu
sijapata kuyaona yameandikwa ubaoni.
Leo nimeyakuta, yote, yamepangwa foleni
ili yavunjiwe kufuli.

Njiani sikufungua redio.
Nyumbani mama akauliza, mmesoma nini?
"Kidakatonge," nikasema.
Akaachama, akanionyesha chake.