Chaki Ukutani

Karani amesema: inua mkono wa kulia, uape.
Mkono umepanda hadi kifuani, ukakwama hapo
kama lori lililoishiwa dizeli mlimani.
"Andika," akamwambia mwenzake, "mlalamikaji amekataa kuapa."

Sikukataa, mheshimiwa.
Hili ndilo lililonileta.

Miaka tisa nimepakua mahindi ghala la Tenywa, hapa Busia,
magunia ya kilo mia, mia na ishirini msimu wa bei nzuri,
kutoka lorini hadi darini. Siku moja ya Agosti gunia liliteleza,
nikalidaka. Nani asiyedaka riziki?
Ndani ya bega kitu kikalia, tka,
kama kijiti cha kiberiti.
Hapakuvimba. Haikutoka damu. Nikamaliza lori.

Usiku ndipo lilipoanza kusema.
Silalii upande huo. Kichana hakifiki kisogoni.
Nabwire hunivika shati kama mtoto wa nasari,
mkono mbovu kwanza, kisha mzima,
na hucheka ili nisione anavyonitazama.
Daktari wa Tororo alisema msuli umechanika;
akaandika asilimia kumi na nane.
Nimejaribu kujua ni kipande gani cha mimi hicho.
Kumi na nane kwa mia ya nini?
Ya kumpakata Ajiambo begani aone gwaride?

Bwana Tenywa anasema hanijui.
Vibarua hawana kitabu, anasema,
huja na kupotea kama kumbikumbi.

Basi twende ghalani, mheshimiwa, si mbali.
Nyuma ya mlango, ukuta wa kushoto,
kila lori nililopakua nililichorea mstari wa chaki,
kwa mkono huu huu,
kwani hesabu ya jioni haina rafiki.
Mistari ya zamani iko juu, karibu na mbao za paa.
Ya mwisho wa Agosti iko usawa wa macho.
Ya Septemba, kidevu.
Ya Oktoba utainama kuisoma.

Jana nilipita, nikachungulia: bado ipo.
Lakini mlangoni pana ndoo ya chokaa
na brashi mpya, haijalowa.

Nitaapa kwa wa kushoto, kama sheria inaruhusu.
Tafadhali, tuondoke kabla ya saa sita.