Akidi

Tumekutana juu ya duka la matairi,
sisi tunaosimamia, kwa niaba ya taifa zima la Slovakia,
baiskeli isiyo na tairi hata moja:
skii mbele, skii nyuma, tandiko katikati,
na miguuni vibao vifupi vya kujiegemeza.
Ukimweleza mtu, kwanza hucheka.
Kisha huuliza: na breki?
Breki ni visigino, ndugu yangu. Visigino na dua.

Ajenda ina jambo moja.
"Andika, Otília," asema Dezider, mwenyekiti,
nyonga yake ya bandia ikimkatalia kuinuka,
"andika kwamba tumekuja kulivunja shirikisho."
Naandika. Mwaka wa thelathini na moja huu, naandika.

Wizara imeleta barua. Yataka idadi
ya wanamichezo wasiozidi miaka ishirini.
Vlasta anatazama dari kana kwamba wamejificha huko.
Yupo mmoja, Radka, lakini Radka yuko Austria,
anafua shuka za hoteli yenye theluji ya mashine.
Huku kwetu Januari ni ya kahawia,
nguzo za mashindano zimesimama matopeni
kama wageni walioikosea tarehe ya arusi.

Fedha: euro mia mbili na kumi na nne, na senti kidogo.
Mali: saa nne za kupimia mbio, moja inakwenda.
Namba za kifuani, moja hadi sitini,
isipokuwa ishirini na saba:
Bohuš aliivaa mashindanoni ng'ambo, mwaka themanini na nne,
akauvuka mstari wa kumalizia
asisimame.
Muhuri mmoja, wa nchi iliyokwisha gawanyika.
Nusu ya jina tuliikwangua kwa wembe,
na tangu hapo kila barua yetu ina kovu.

"Wanaokubali, wainue mikono."
Mikono inapanda polepole, mmoja una bendeji.
Hapo ndipo nilipofungua katiba, kwa mazoea tu,
Ibara ya kumi na tisa:
shirikisho halitavunjwa ila mbele ya wajumbe saba.

Tunajihesabu. Sita.
Dezider anaanza upya kutoka upande wa dirisha,
kama mtu anayetafuta funguo
katika mfuko uleule.
Sita.
Wa saba ni Imrich. Tulimzika Novemba.
Rambirambi niliandika mimi, nikagonga muhuri.

Mikono bado iko juu, haijui pa kushukia.
Vlasta ndiye aliyeanza kucheka, hadi miwani ikamtoka:
"Tumepungua mno, jamani.
Hata kufa hatuwezi!"

"Andika, Otília."
Niandike nini?
"Andika akidi haikutimia. Kikao kimeahirishwa."
Mpaka lini?

Chini, fundi ameangusha ringi la gari.
Tunalisikia likibingirika juu ya saruji,
linazunguka, linazunguka,
linakawia kulala.

Nimeacha nafasi ya tarehe.
Nimegonga muhuri.