Deni la Rangi

Kwenye ukuta wa kinu cha Mama Chelang'at, mtaa wa Rhonda,
niliandika mimi, kwa mkono huu,
kwa bluu iliyokula mkebe mzima na robo:
MAJI YA MFEREJI KILA PLOTI KABLA YA KRISMASI.
Krismasi ipi, sikuambiwa niandike.
Mheshimiwa alisimama chini ya ngazi yangu,
akasema, "Fundi Osundwa, hiyo K inenepeshe,
ionekane mpaka barabarani."
Nikainenepesha.
Alinilipa nusu. Nusu ya pili, akasema,
tukishaingia.

Wakaingia.

Mwezi wa tatu nikaitwa gereji moja huko Viwandani.
Malori mawili meupe, matangi mapya mgongoni,
viti bado vimevaa nailoni.
Andika, wakasema: CHEMCHEMI TAMU,
MAJI SAFI MLANGONI PAKO.
Chini yake, nambari ya simu.
Nikaanza: sifuri, saba,
na kabla sijakitazama tena kikaratasi
mkono ukamalizia wenyewe.
Ulikuwa unaijua.
Mwaka uliopita uliiandika mara mia mbili
chini ya uso unaotabasamu.
Mwenye malori, nikaambiwa, ni shemeji.
Lakini simu haikuwa ya shemeji.

Nawe usiyekaa huku, ujue maji ya kisima chetu:
ubaya wake hauonekani kwenye gilasi,
unaonekana kwenye meno.
Bosibori wa mlango wa pili ana miaka tisa;
akicheka hufunika mdomo kwa kiganja
kama mtoto aliyelamba sukari ya wageni.
Mamake hufua nguo za watu Milimani,
mfereji unamwagika mbele yake kutwa,
na jioni akirudi
ananunua mtungi mmoja kwa lori.
Mmoja wa kunywa. Wa kuoga, kisima.

Tuliuliza. Msidhani hatukuuliza.
Kwenye ukumbi wa wadi tulijibiwa
mvua, mkandarasi, upembuzi yakinifu,
neno refu hilo, refu kuliko bomba lote walilochimbia.
Na mwenyekiti wa kamati ya maji ni nani?
Ni yeye.
Anayeketi kuamua bomba lipite lini
ndiye anayelipwa kila siku lisipopita.
Mzee Kariithi aliposema hivyo, kwa upole, kofia mkononi,
kipaza sauti kilizimika.
Stima, walisema. Taa zilikuwa zinawaka.

Ahadi ni deni: tumeimeza tangu darasa la kwanza.
Lakini deni la dukani lina daftari,
lina tarehe, lina mwenye duka anayebisha hodi alfajiri.
Hili letu tuliliacha likawa methali,
na methali hailipwi.

Jana kijana wake alikuja na ndoo ya rangi nyeupe.
"Futa ule ukuta, fundi. Kuna maneno mapya."
Akatoa pesa: malipo ya kufuta,
na juu yake ile nusu ya zamani.
Nisiwadanganye, nilizihesabu mara mbili.
Kodi yangu ni ya tarehe tano.
Ile nusu nikaitia mfukoni, ilikuwa yangu.
Zilizobaki nikamwekea juu ya kifuniko cha ndoo,
nikapanda ngazi na mkebe wa bluu.

Sikumtukana. Tusi hufutika upesi,
na mwenye kutukanwa hupata la kulilia.
Niliongeza tarehe tu, siku niliyoyaandika maneno yale,
mwezi, na mwaka.
Kisha, kwa sababu ukuta ulikuwa na nafasi
na rangi ilikuwa imebaki,
nikaongeza nambari ya simu ya malori.
Sifuri nikainenepesha.

Chini, foleni ya unga ilikuwa imenyamaza.
Bosibori alikuwa anatoka kisimani.
Akasimama, akaanza kuisoma nambari, tarakimu kwa tarakimu,
kwa sauti ya darasani,
mdomo wazi, meno yote ya kahawia juani,
maana mikono yake miwili
ilikuwa imeshika mtungi.