Tone la Maji

Trevelin, Julai, theluji imepanda hadi dirishani.
Aniceto Curihual anavua koti,
mkono wa kulia mwisho, polepole,
kama anayemvua nguo mtoto aliyelala.
Miaka thelathini na moja ya kukata manyoya,
kondoo mia na ishirini kwa siku,
na kiwiko kimeweka hesabu yote.

Nampaka jeli. "Baridi," anasema.
Kila Jumanne anasema, "Baridi."
Kisha nazungusha kichwa cha mashine,
duara dogo, duara dogo,
kisikae mahali pamoja kikaunguza,
dakika sita juu ya kano iliyokakamaa.

Ni sauti, nilimweleza siku ya kwanza,
ila ni nyembamba mno, sikio haliipati.
Inazama, inatikisa nyama kwa ndani,
inaikumbusha damu njia.
"Mbwa wangu je?"
Hata mbwa hataisikia.
"Basi ni kama marehemu Nerys akinikasirikia."

Nikampa na kazi ya nyumbani:
chupa ya maji mkononi, ishushe taratibu,
mara kumi na tano, asubuhi na jioni,
ikiuma kidogo usiache.
Agosti akainua birika.
Septemba akanibana vidole hadi nikapiga kelele.

Ndipo akaja fundi kutoka Trelew, na sanduku lake.
Akageuza kichwa cha mashine juu,
akadondosha tone moja la maji, akawasha.
Tulisubiri.
Lilipaswa kuchemka bila moto, kurukaruka.
Lilikaa.
"Kimekufa hiki," akasema. "Labda tangu Mei."

Taa ilikuwa ikiwaka, jamani.
Saa ilikuwa ikihesabu.

Kupoa si kupona, walinena wa kale;
sasa nina mtu aliyepona
na sijui nimshukuru nani.
Usiku nilipanga maneno kumi ya kunyamaza.
Njia ya mwongo ni fupi, nayo yangu
ilikuwa inaishia Jumanne, saa tatu.

Nilimwambia.
Akautazama mkono kama umemficha jambo.
"Kwa hiyo tulikuwa tunazungumza tu."
Na chupa, nikasema. Na miezi bila mkasi.
"Na ile baridi," akasema.

Akavaa koti, wa kulia kwanza, makusudi, nimwone.
Akaacha jibini mezani, imefungwa gazetini.
Mlangoni akageuka:
"Hiyo mpya ikifika,
usiniambie kama inafanya kazi."