Thelathini na Nane, Ng'ambo

Namba moja iko upande wa mto,
ambako asubuhi upepo hunuka tope.
Kutoka hapo Rivadavia inashika magharibi
kama mtu aliyetumwa mkate akaunogewa mwendo,
inahesabu milango: mia tatu, elfu mbili, elfu saba,
hadi elfu kumi na moja na ushee, kule Liniers,
Buenos Aires inapokatika.

Sijaifika Liniers kwa kazi. Mimi nilipewa Flores,
elfu sita na kitu, miaka thelathini na mmoja,
mkoba wa barua begani. Bega la kushoto limeshuka.
Fundi wangu wa Almagro alikwisha kulizoea:
anafupisha mkono mmoja wa koti
wala haniulizi.

Alfajiri nilipanda treni ya chini kwa chini,
mabehewa ya mbao enzi hizo, taa kama za sebuleni,
mlango unaufungua mwenyewe, na ukichelewa shauri yako.
Once walishuka wauza vitambaa na majora yao,
Acoyte wanafunzi,
na Primera Junta tukatapikwa sote, reli imekwisha,
nikamalizia kwa miguu.

Sasa sikia jambo la barabara hii.
Kila mtaa unaoikata hupoteza jina.
Esmeralda, yaani zumaridi, inaingia kwa madaha;
ikitokea upande wa pili inaitwa Piedras,
mawe, mawe matupu.
Callao inavuka, inakuwa Entre Ríos.
Lami ni ileile, miti ileile, hata mashimo yanaendelea,
ila kibao ukutani kinakana undugu.

Boyacá thelathini na nane: Amancia Echagüe.
Carabobo thelathini na nane: Fermín Echagüe, kaka yake.
Mtaa mmoja ulionyooka kama uzi. Hatua mia na ishirini,
nilizihesabu.
Waligawana viti vya mama yao, sita,
yeye vinne, kaka viwili,
wakaacha kusemeshana.

Ila bili za kaburi la mama zilikuwa za wote wawili.
Basi kila mwezi Amancia alitia nusu yake kwenye bahasha,
akabandika stempu, akatumbukiza.
Bahasha ikaenda mjini kilomita saba,
ikagongwa muhuri, ikalala, ikarudi kilomita saba,
ikanifikia mkobani siku ya nne
ili niivushe barabara.

Sikusema kitu. Tarishi halipwi kwa kusema.

Kisha ukaja mgomo wa wachambuzi wa barua.
Amancia alinisubiri mlangoni, aproni ina unga,
bahasha haina stempu, haina mtaa,
imeandikwa tu: *38, ng'ambo.*
"Wewe si unavuka?" akasema,
macho yake yakiangalia viatu vyangu.

Kanuni zinakataza. Nilivuka.

Fermín aliigeuza, akatafuta muhuri,
akapitisha kidole gumba pale stempu ingekaa.
"Imetoka wapi hii?"
"Mtaani kwako," nikamwambia.
Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Mwezi uliofuata hakukuwa na bahasha.
Wa pili, hakuna.
Nikadhani nimeharibu hata ule uzi mwembamba.

Halafu jioni moja ya Agosti, baridi, watu wanatoka kazini,
nikamwona kwenye kona, upande wa Carabobo,
amebeba kiti cha mninga kichwa chini miguu juu.
Taa ya kuvukia ikawaka kijani. Hakwenda.
Ikawaka tena. Mabasi yakapita, yakanguruma.
Mara ya tatu akakishusha kiti,
akakiweka sawa juu ya lami ya ukingo,
akakikalia, mikono magotini,
uso umeelekea Boyacá,
watu wanampita kulia na kushoto
kama maji yanavyolipita jiwe.

Zilibaki barua kumi na tisa, na giza linaingia.
Sikungoja kuona.
Ila nilipogeuka pembeni nikaisikia treni chini ya miguu,
na suruali ikajaa upepo,
na nilijua, kwa vile nimekaa Flores muda mrefu,
kwamba reli haikuwa imefika huku bado.