Wimbo wa Tano, Upande wa Pili

Mvua ya Hoquiam hainyeshi, inakaa.
Imekaa tangu Oktoba juu ya bati la gereji
kama mgeni asiyejua kuaga,
nami nimekaa chini yake na kaseti ya mwanangu,
nikiwa nimechelewa miaka thelathini na mitatu.

Walikuwa wanne, wakajiita Msumeno Butu.
Randall besi, binti wa kina Kivela gita,
Delmar ngoma, na mwimbaji, kijana mwembamba
aliyekula kwetu kila Alhamisi
bila kusema ahsante, ila aliosha sahani zote.

Mwaka huo kiwanda cha mbao kilifungwa.
Wakubwa walisema ni kwa ajili ya bundi,
ndege wa msituni anayetaka miti mizee.
Bundi akilia, watu husema, pana msiba.
Huyu wetu hata hakulia.
Alikuja kwa barua, na sahihi chini.

Nikawa mtu wa kushinda nyumbani,
na nyumba ikawa ya kutetemeka.
Walirekodi siku nne kwenye chumba cha chini,
kwa mashine ya kuazima,
magodoro yetu wameyasimamisha ukutani;
mimi na Elvi tukalala juu ya mablanketi
tukisikiliza vikombe vikigombana kabatini.

Leo nasikiliza. Muziki siujui, najua mashine.
Gita hili linanguruma kama msumeno mkubwa
uliokutana na msumari ndani ya gogo:
ule mlio unaotia meno ganzi,
kisha harufu,
kisha kila mtu anahesabu vidole vyake.
Waliupata wapi? Hawakuwahi kukanyaga kiwandani.
Labda niliuleta mwenyewe, kwenye mikono ya koti.

Mwimbaji hana sauti, ana koo tu,
na koo linakatika pale neno lilipotaka kusimama,
wala hakuna aliyerudi kuliunga.
Albamu ya pili waliifanya Los Angeles, kwa pesa,
ikapigwa pasi hadi ikafa.
Hiyo ninayo pia. Bado imo kwenye nailoni yake.

Sasa. Wimbo wa tano, upande wa pili.
Delmar anakimbia, ndivyo alivyo,
Randall anamfukuza, wanapotezana kabisa,
halafu
du! du! du!
mdundo usio wa ngoma, kutoka juu,
mkavu, wenye hasira,
na wote wanne wanaushika
kama wabeba gogo waliosikia mmoja akisema: haya!

Ni ufagio wangu.
Nilikuwa nagonga sakafu, wanyamaze.

Nikampigia Randall, Spokane, anakouza matairi.
Nikamwambia: mliniacha humo ndani.
Akacheka, akakohoa kikohozi cha baba yangu.
"Mzee, usingegonga tungepotea.
Ile ndiyo robo dakika pekee tuliyokwenda sawa."

Nimerudisha utepe nyuma kwa kalamu, mashine imechoka.
Mvua haijaondoka.
Ufagio nimeuegemeza gotini,
nangoja zamu yangu.